Kanungu ka Mama Kapinga

Sitaapa. Watu wanaoapa sana nimewajua sokoni, ndio wale wanaokuuzia mafuta ya mawese yaliyotiwa maji. Nitakwambia tu nilichokiona kwa macho yangu mawili, tena mchana, saa saba, mvua ikiwa imetoka kukatika. Ukitaka kuniita mwongo, njoo Kindu, mtaa wa Alunguli, uliza mama mshonaji mwenye mdomo mrefu, watakuelekeza hadi mlango ninapokaa sasa. Nitakufungulia kiganja changu cha kulia uone alama zilizobaki. Halafu uniambie ni alama za nini.

Siku hizi naona katika simu za mabinti mmea mdogo wa mviringo, umejaa miiba, hauna jani hata moja, umekaa dirishani ndani ya kikopo kizuri. Wasomi wanauita dungusi kakati. Sisi tuliuita kanungu, kwa kuwa unafanana na mtoto wa nungu aliyejikunja. Mabinti wanausifu kwamba hauna kazi: unausahau mwezi mzima, unarudi unaukuta ulivyouacha. Hilo ni kweli. Wa kwangu nimekaa nao tangu miaka ya vita na haujawahi kunisumbua kwa maji wala kwa mbolea. Ulichonisumbua nacho ndicho ninachotaka kukueleza.

Wakati huo nilikuwa sijahamia Alunguli. Nilikaa ng'ambo ile nyingine ya mto, karibu na kambi ya wafanyakazi wa reli, na jirani yangu alikuwa Mama Kapinga. Kapinga lilikuwa jina lake mwenyewe, maana hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Yeye na mume wake, fundi wa injini za treni, walitoka Kasai, wakakaa Likasi, kisha kazi ikawaleta huku kwetu Kindu. Kanungu alikuja naye kwenye treni, kwenye kopo la maziwa ya unga, amelipakata mapajani safari nzima kama mtu aliyebeba mayai. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, Mama Kapinga, mkoa wote huu wa Maniema wenye miti ya kila namna, nawe unafuga mwiba?

"Huyu haombaki kitu," alinijibu. "Njo maana namupenda."

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, maana bila hilo hutaelewa lolote. Uchungu wa mtoto wangu wa pekee ulinikamata mume wangu akiwa safarini. Mama Kapinga ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli ya bwana wake, akaisukuma kwenye matope mpaka kwenye nyumba ya uzazi, huku akinitukana ili nisizimie. Mtoto alipozaliwa, msichana, ningempa jina la nani mwingine? Nilimwita Kapinga. Ndugu zangu walinung'unika, jina la Kikasai kwenye familia ya Kiislamu, lakini mimi nikishaamua nimeamua.

Kwetu, ukimpa mtoto jina la mtu aliye hai, wale wawili wanakuwa ndoyi. Hawaitani tena kwa jina, kila mmoja humwita mwenzake ndoyi. Ndoyi mkubwa humshonea mdogo nguo ya sikukuu. Akitaka kumchukua akae naye, mwezi au mwaka, mama mzazi hana ubavu wa kukataa, anaweza kuomba muda tu. Na Mama Kapinga alimpenda ndoyi wake kwa moyo wote. Mtoto alijifunza kutembea akishika vidole vyake, si vyangu, na siku nyingine niliona wivu, sikufichi.

Kisha vita vikaja. Treni ya mwisho ilimchukua fundi yule, ikabaki naye huko Katanga, reli ikafa. Mume wangu alikwama Kisangani, akaoa huko huko, na hicho nacho ni kisa lakini si cha leo. Mjini tulibaki wanawake na watoto wengi. Mashambani huendi, kwa maana nje ya mji kulikuwa na watu wa silaha wa kila kabila la bunduki, na ukienda kuchimba muhogo ulikuwa hujui kama utarudi. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila chumvi wala mafuta, asubuhi na jioni, mpaka ulimi ukasahau kazi yake.

Asubuhi moja Mama Kapinga alikuja kwangu na kopo lake la kanungu mkononi na furushi kichwani. Kikundi cha watu kilikuwa kimeamua kufuata reli kwa miguu, kupitia Kibombo, mpaka wafike upande wa pili wa vita, kule Katanga.

"Mama ya ndoyi," aliniambia, "miye naenda kwa bwana yangu. Njaa hii itatumaliza. Unipe ndoyi yangu nimupeleke. Kule chakula kiko."

Mtoto wa miaka minne, kwenye reli, katikati ya vita? Moyo wangu ulisema hapana, kwa sauti kubwa kabisa. Lakini mdomo, huu huu mrefu ninaojivunia, uliona haya. Ningemkatalia vipi mtu aliyenisukuma kwenye baiskeli? Basi nikasema neno ninalolijutia hadi leo.

"Utangulie," nilisema. "Mutoto iko mudogo, hataweza njia. Siku treni itaanza, ao siku utarudia wewe mwenyewe, nitakupa yeye. Ni yako."

"Unasema kweli?"

"Kweli."

Kisha akaniwekea kopo mikononi. "Basi unichungie huyu. Wewe chunga huyu, na miye nachunga neno yako."

Akaanza kunifundisha, kwa haraka, wenzake wakimwita barabarani. Chini ya kopo kuna matundu, usiyazibe. Ndani ni mchanga na vijiwe vya reli na makaa yaliyopondwa, kamwe usitie udongo mweusi wa shambani. Umweke dirishani apate jua, lakini mvua ya Kindu isimguse, itamwozesha. Maji ni siku ya mwezi mwandamo tu, kifuniko kimoja cha chupa ya soda, basi. "Ukimupenda sana utamuua," alisema. "Na siku atatoa ua, ujue niko njiani." Alimbeba ndoyi wake, akamnusa shingoni, akamweka chini. Nilimsindikiza mpaka kwenye reli, na niliporudi nyumbani nilifunga mlango nikashukuru Mungu kwamba ameondoka bila mtoto. Sikuwa na nia yoyote ya kumpa mtoto yule, leo wala kesho. Nataka ulijue hilo, kwa sababu yeye hakulijua.

Nilimtunza kanungu vizuri, labda kwa aibu. Kila mwezi ulipoandama nilijaza kifuniko, nikamwaga taratibu pembeni ya kopo. Miezi ikapita. Siku moja nikaona kitu kama kidole kidogo chenye manyoya kinachomoza ubavuni mwake. Kilirefuka, na asubuhi moja, mvua ikipiga bati hadi hatusikilizani, kikafunguka. Ua la waridi, kubwa kupita mmea wenyewe. Nilifurahi kama mjinga. Nilimwita mwanangu aje aone.

Saa saba mvua ilikatika. Mimi nilikuwa ndani natia kiraka kwenye suruali ya mtu, mtoto yuko uani. Nikamsikia anacheka, kile kicheko cha kutekenywa. Nikatoka. Mama Kapinga alikuwa amekaa kwenye kizingiti changu, ndoyi wake mapajani.

Je, wewe ungefanya nini? Mimi nililia. Nilimshika mkono kwa mkono wangu wa kulia, nikajichoma, nikauachia. Nilidhani ana kitu kiganjani. Nilimuuliza habari za njia, za bwana, kama walirudishwa na vita, akawa anaitika tu, "Eeh, eeh," huku anamtengeneza mtoto nywele. Nguo ilikuwa ile ile aliyoondoka nayo. Niliona miguu yake imejaa vumbi jekundu, kavu, hadi magotini, na uani kwangu kulikuwa na matope ya kuzamisha bata. Niliona, niamini, macho yangu yaliona. Lakini furaha ina upofu wake, nikapita tu.

Nilimletea maji ya kunywa kwenye kikombe, kama mgeni anavyopewa. Alikitazama akatikisa kichwa.

"Ni mingi," alisema. "Unipatie ya ku kifuniko."

Nikacheka, nikidhani anatania mmea wake. Hakucheka. Basi nikachukua kile kifuniko dirishani, nikakijaza, nikampa. Alikunywa polepole, kwa kukilamba, muda mrefu mno kwa maji kidogo vile. Alipomaliza alinirudishia, akasema, "Nimekuya kukamata ndoyi yangu."

"Tule kwanza," nilimjibu. Ndilo neno pekee lililonijia. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mwanamke wa kwetu tu anaweza kulifanya. Nilikuwa na sombe jikoni lakini chumvi sina, na mgeni aliyetoka safari hapewi sombe ya chura, yaani isiyo na chumvi, hata vita viwe vipi, watu wangenisema hadi kaburini. Nikatoka kwenda kuomba kidole cha chumvi nyumba ya tatu. Nilimwacha mtoto wangu mapajani mwake kwa sababu ya chumvi. Sikukaa hata robo saa.

Niliporudi kizingiti kilikuwa kitupu. Niliingia ndani nikiita, hakuna. Dirishani ua lilikuwa limejifunga, limelegea. Nikatoka tena, nikatazama chini. Kwenye matope kulikuwa na nyayo za mtoto wangu, vidole vyake vidogo vimejichora vizuri, zinatoka uani kuelekea kwenye reli. Za mtu mzima hazikuwapo. Hata moja. Nilizunguka nyumba nzima nikizitafuta, nyayo za kuja au za kwenda, na hapo ndipo woga ulipoingia mwilini mwangu. Haujatoka.

Nilikimbia. Chumvi ilikuwa bado mkononi, niliiona baadaye imeyeyuka kwa jasho. Kwenye reli nilimkuta mzee mmoja wa kambini, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kukaza vyuma vya reli, amekaa juu ya chuma anasuka kikapu. Nilimuuliza kama ameona mama na mtoto.

"Mama sikumuona," alisema. "Mutoto nilimuona. Alikuwa peke yake, mukono juu hivi, sawa vile mutu anamushika. Nilimuita, hakugeuka. Unamuachaka namna gani mutoto atembee ku reli?"

Sikungoja amalize kunikaripia. Nilifuata reli, nikivuka mbao zake mbilimbili. Nyumba za mwisho zilipita. Mbele ya pale hakuna aliyethubutu kwenda, waliopita hatukupata tena habari zao. Ndipo nikawaona, umbali wa kutupa jiwe. Mimi niliwaona wote wawili. Walikuwa wanatembea katikati ya reli, taratibu, kama watu wanaokwenda misa, na mimi nakimbia kwa nguvu zangu zote, na sikuwa nawakaribia. Umewahi kukimbia hivyo? Nilikuwa nahesabu mbao zinapita chini ya miguu yangu, na wao wako pale pale.

Niliita, "Kapinga!"

Waligeuka wote wawili.

Nilitegemea kuona uso wa kutisha. Afadhali ningeuona. Ulikuwa uso wa Mama Kapinga niliyemjua, umechoka, hauna hasira hata kidogo, uso wa mtu anayefanya jambo lililokwisha kupatanwa. Mwanangu naye alinitazama kama anavyomtazama mpita njia. Halafu wakageuza shingo kwa pamoja, wakaendelea. Niliita tena, "Kapinga! Kapinga!" na kila nilipoita waligeuka wote, wakanitazama wote, wakaendelea. Nikaelewa kwamba jina lile ndilo kamba, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga.

Sijui nani alinitia akili. Nilipiga magoti kwenye vijiwe, nikapiga kelele kwa jina la marehemu mama yangu.

"Fatuma! Wewe ni Fatuma! Jina lako ni Fatuma, binti yangu, rudi!"

Mtoto alisimama. Mkono wake ulianguka ubavuni, akaanza kulia, akawa mtoto wangu tena. Nilifika, nikamnyakua. Yule mwingine alikuwa amesimama hatua mbili mbele, mkono wake bado ameunyoosha chini, vidole wazi, anangoja.

"Mama ya ndoyi," aliniambia. "Ulisema kweli."

Nilimpa mgongo, nikarudi na mtoto begani bila kugeuka, na njia nzima nilikuwa nasubiri kuguswa bega.

Jioni ile niligundua kiganja changu na kiganja cha kulia cha mtoto vimejaa miiba myembamba, laini kama nywele, ile ile ya kanungu. Nilikaa wiki nyingi nikiichokoa kwa sindano na mafuta ya mawese. Mingine haikutoka, iliingia ndani ikafanya vidonda, na vidonda vikaacha alama. Na kumbuka, mimi kanungu sikuwa namgusa kwa mkono, nilimshika kwa kopo lake.

Baadaye alirudi mwanamke mmoja wa kikundi kile, amebaki mifupa. Alinieleza kwamba Mama Kapinga hata Kibombo hakufika. Kipindupindu kilimshika njiani. Alikuwa na kiu kali lakini maji hayakai tumboni, basi wakawa wanamtonesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, siku mbili. Walimzika kando ya reli. Niliuliza lini, akahesabu kwa vidole. Alikuwa ameshakaa udongoni miezi mitatu siku niliyompa maji kwenye kizingiti changu.

"Alikuwa anasema ndoyi tu," yule mwanamke aliniambia. "Asema, nitamukamata, tulishapatana na mama yake."

Mtu akifa kwetu, hata kama maiti haikuonekana, watu hukaa matanga. Wanaweka mkeka, wanalia, wanataja jina lake, wanamwachilia aende. Mimi ndiye niliyekuwa ndugu yake wa karibu kuliko wote pale Kindu, ilikuwa juu yangu kutandika mkeka ule. Sikuutandika. Niliogopa kulitaja jina lake mbele ya watu, niliogopa ningeulizwa neno tulilopatana. Nilimnyamazisha yule mwanamke kwa bakuli la sombe, nikawakataza majirani wasimwite mwanangu ila Fatuma, nikasema nimebadilisha kwa ajili ya afya. Nilipopata nafasi nilivuka mto kwa mtumbwi, nikahamia Alunguli.

Utaniuliza, na kanungu je? Nilivuka naye. Amana haitupwi, hivyo ndivyo nilivyolelewa, na isitoshe niliogopa kwamba nikimtupa, Mama Kapinga mwenyewe atakuja kumuulizia. Nilimweka chumbani kwangu, nikamkataza Fatuma asimguse. Nilimpa kifuniko chake kila mwezi. Alipoanza kuzaa watoto, vile vidude vya mviringo vinavyoota ubavuni, nilivibandua kwa kijiko nikavizika nyuma ya choo. Vita viliisha. Siku treni ya kwanza ilipofika tena, honi yake ilisikika hadi ng'ambo kwetu, watu wote wakakimbilia ukingoni wakipiga vigelegele. Mimi nilifunga mlango kwa komeo, nikamkumbatia Fatuma kwa nguvu hadi akalalamika kwamba namuumiza.

Alikua vizuri. Alisoma, sasa ni muuguzi, ameolewa ng'ambo, mtaa wa Kasuku, na kijana mtulivu. Kisa hiki sikumwambia. Nilisema moyoni, asichokijua hakitamdhuru.

Kiangazi hiki nilivuka kwenda kumtembelea, maana ana mimba yake ya kwanza. Tulikaa, tukala, nikamchambua kuhusu usafi wa sufuria zake kama ilivyo haki yangu. Halafu nikainua macho dirishani. Kwenye kikopo cha nyanya kulikuwa na kanungu mdogo, mzima, wa kijani kizuri, na ubavuni mwake kidole chenye manyoya kinachomoza.

"Huyu umemutosha wapi?" nilimuuliza. Sauti yangu mwenyewe sikuijua.

"Ku yako, mama. Nilikamata mutoto yake moja tu, mbele ya ndoa. Usikasirike. Ni muzuri, na hana kazi."

Nilisogea. Vijiwe vya reli. Makaa yaliyopondwa. Matundu chini. Mimi sikumfundisha hayo, mimi nilimfukuza mlangoni kila aliponiona nanywesha.

"Nani alikufundisha namna ya kumutunza?"

"Ndoyi," alisema, kama mtu anayesema jirani.

Nilikaa chini. Nilimwambia, wewe huna ndoyi, umepata wapi neno hilo. Akacheka.

"Aa, mama, ule mama wa ku reli. Anakuyaka mara moja moja, haingiaki, anasimama tu ku dirisha. Tangu niko mutoto, hata kule Alunguli. Nilifikiri unamujua, anakuitaka mama ya ndoyi."

Miaka yote hiyo! Mimi nafunga komeo, na yeye amesimama dirishani anazungumza na mwanangu. Basi nikamweleza yote, siku ile ile, tangu baiskeli hadi magoti yangu kwenye vijiwe. Nililia, sikuona haya. Nilitegemea ataogopa. Fatuma alinisikiliza, mikono juu ya tumbo, na nilipomaliza macho yake yalikuwa makali.

"Ulimupa neno, mama. Alitembea na miguu mpaka kufa, na wewe haukumulilia hata siku moja. Miye sikumuogopaka. Wewe njo uliogopa."

"Sasa anataka nini?" nilimuuliza. "Anataka kukukamata?"

"Hapana. Alishaacha kuniomba, asema miye nilishakuwa mukubwa." Akalipapasa tumbo lake, polepole. "Siku hizi anaulizaka tu atazaliwa lini."

Wiki iliyofuata nilitandika mkeka. Niliwaita wamama wa mtaa, wa msikiti na wa kanisa, nikalitaja jina lake kwa sauti, nikakiri mbele yao ahadi niliyoitoa na uongo uliokuwa ndani yake, nikamlilia Mama Kapinga machozi ya miaka yote. Walinifariji, walisema ameshapumzika. Labda. Kanungu yule mdogo wa Kasuku alitoa ua lake siku ya tatu ya matanga.

Nimehamia kwa binti yangu sasa. Nalala sebuleni, chini ya dirisha. Nawe unayenisikiliza, fuga mmea wowote unaoutaka, mmea hauna kosa. Lakini mtu akikuomba kitu usichokusudia kumpa, mwambie hapana, mwambie usoni, akiwa hai, hata kama alikubeba mgongoni, akasirike akutukane yaishe. Akishaondoka na ndiyo yako ya uongo, utamkuta wapi umrudishie hapana?

Fatuma anajifungua mwezi ujao. Wametazama kwenye mashine, ni msichana. Yeye na mume wake wananiambia jina wameshalipata, na wanatabasamu. Bado sijathubutu kuwauliza ni lipi.